Mkongwe mezani: niliyoyapata kwenye tamasha la katuni Arusha

Ukifika umri wangu katika kazi ya kuchora hadithi za picha, watu hukuita kwa ajili ya zamani. Wanataka uwasimulie magazeti yalivyokuwa yakigombaniwa vibandani, mchoraji fulani alivyokuwa mcheshi, maisha yalivyokuwa magumu lakini matamu. Ni stori nzuri, nami napenda kuzipiga, hasa chai ya tangawizi ikiwa karibu. Ila kijana wa miaka ishirini anayetaka kula kwa kalamu hapati kitu humo. Atacheka, atapiga makofi, atapiga selfi na mzee, kisha atarudi kwao Ngarenaro bado hajui kwa nini ukurasa wake hausomeki.

Nilialikwa Arusha kuwa mgeni kwenye tamasha dogo la katuni lililoandaliwa na vijana wenyewe. Mimi naishi Moshi, kwa hiyo safari haikuwa ya kutisha: unapanda Costa stendi, Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Usa River, Tengeru, umefika. Konda alitaka bahasha yangu ya michoro aitupe kwenye buti pamoja na mkungu wa ndizi wa mama mmoja. Nikaipakata njia nzima, abiria wa pembeni akidhani nimebeba hati ya kiwanja.

Ukumbi ulikuwa upande wa Kijenge, viti vya plastiki, spika moja inayokoroma. Vijana wengi walikuwa wamevaa kama wahusika wa katuni za Kijapani. Mmoja alijitengenezea deraya kwa maboksi, akalipulizia rangi ya fedha, na chini ya kwapa bado unasoma jina la mafuta ya kupikia. Binti mwingine alivaa wigi la bluu na mgongoni akafunga shuka jekundu la Kimasai liwe joho la shujaa. Huyo nilimpenda. Nilimwambia asimame nimchore haraka haraka kabla hata sijasalimiana na wenyeji wangu, na mpaka leo mchoro ule nauona bora kuliko vingine vyote nilivyofanya siku hiyo.

Wenzetu wana mambo haya muda mrefu. San Diego kule Marekani walianza mwaka 1970, Angoulême kule Ufaransa mwaka 1974, na Nairobi hapa jirani wametutangulia. Kwenye matamasha hayo kuna eneo zima la meza ambako wachoraji hukaa na kazi zao, msomaji anapita, anauliza, ananunua, anagombana nao. Waandaaji wangu walihesabu jukwaa kuwa ndiyo kazi na meza kuwa mapumziko ya mzee. Kwangu ilikuwa kinyume, lakini nianze na jukwaa maana ndiko walikoanza wao.

Mshereheshaji aliuliza swali ambalo huulizwa wakongwe wote: nani alikuvutia kwenye fani? Nikajibu kwa heshima, kwa sababu majina yale yanastahili kutajwa. Sisi wa rika langu tulikulia kwenye *Sani*, jarida ambalo Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo waliliita hivyo kwa kuunga majina yao. Tuliwasoma wahusika wake, Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa, mpaka kurasa zikaisha kona. Mchoraji marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado kijana, alitufundisha kwa mbali namna mwili wa mtu unavyoweza kusema kabla mdomo haujafunguka. Kabla ya hapo kulikuwa na Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory kwenye gazeti la *Uhuru*, akiyaishi na kuyacheka mambo ya Ujamaa katika nchi ambayo Azimio lake lilitangazwa hapo hapo Arusha mwaka 1967. Kenya walikuwa na Edward Gitau na Juha Kalulu wake kwenye *Taifa Leo*. Baadaye Gado, kijana wa Dar es Salaam, akaenda Nairobi kujiunga na gazeti la *Nation* mwaka 1992 na akawa mkubwa kuliko mipaka.

Makofi. Wenye umri walitikisa vichwa. Vijana waliangalia simu.

Basi nikafungua bahasha.

Ninazo kurasa halisi chache zilizosalia, za hadithi yangu ya konda wa daladala aliyevaa koti refu kuliko yeye. Nikawaomba watu wa mbele wazishike kwa kingo wazipitishe nyuma. Ghafla simu zikashuka. Kijana ambaye amezaliwa na tableti hajawahi kuona ukurasa ukiwa kitu cha kushika, chenye uzito, chenye doa la chai pembeni na karatasi iliyobandikwa juu ya neno lililokosewa. Cha kwanza walichoshangaa ni ukubwa. Tulichora mara moja na nusu ya ukubwa wa kuchapwa, kiwandani ukapunguzwa kwa theluthi. Kupunguza kunaficha kutetemeka kwa mkono, kila kitu kinaonekana kimenyooka kuliko ulivyokichora. Lakini kunakula pia: mstari mwembamba mno unapotea, na vistari vya kivuli vikikaribiana vinaungana kuwa doa, hasa kwenye karatasi ya gazeti inayokunywa wino. Kwa hiyo mchoraji wa zamani alikuwa anachora ukurasa mmoja huku akiuona mwingine mdogo kichwani. Anayechora kwenye tableti siku hizi anakuza kope la jicho mpaka linajaa skrini, analipamba kwa muda mrefu, na msomaji anakuja kulitazama kwenye simu ya inchi sita. Tatizo ni lile lile.

Mmoja akauliza mbona chini ya wino kuna mistari ya bluu, ni mapambo? Ile ni penseli ya bluu hafifu. Filamu iliyotumika kupiga picha kurasa kiwandani haikuiona rangi hiyo, kwa hiyo huna haja ya kuifuta. Ukianza na penseli nyeusi lazima ufute, na kufuta kunapausha wino na kunakwaruza karatasi. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Kumbe ndiyo maana kwenye tableti leya ya rasimu huwa tunaipa bluu!" Ndiyo hiyo hiyo. Tabia imebaki, sababu imesahaulika, na nadhani mgeni mkongwe kazi yake ni kuja na sababu.

Waliuliza kuhusu kalamu. Nikawaonyesha ya kuchovya, na nibu zake, zile ncha za chuma, na brashi iliyobaki manyoya machache. Nikawaambia ukweli ambao vitabu vya ughaibuni havikutuambia: Dar es Salaam mchana, ukiwasha feni wino unakauka kwenye nibu kabla hujafika mwisho wa mstari. Ukizima feni, jasho la kiganja linachakaza manila. Tulikuwa tunaweka kitambaa chini ya mkono na kufanya kazi usiku. Nyumba nzima imelala, wewe na taa na mbu. Rangi ilikuwa ya jalada tu, maana picha ya rangi ilihitaji sahani nne za kuchapia na ya ndani ilihitaji moja, na mwenye gazeti alizijua hesabu hizo kuliko alivyojua kusoma hadithi.

Kisha binti mmoja akauliza swali lililobadilisha mazungumzo: "Mzee, hizi ni chache. Zingine ziko wapi?"

Ziko wapi. Gazeti lililokuwa likichapa hadithi yangu lilikufa zamani, jina lake halina umuhimu. Kurasa zilibaki ofisini kwao, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: unapeleka ukurasa, unalipwa gazeti likishauzwa, ukurasa hurudishiwi na hakuna aliyedhani utaudai. Ofisi ilipohamishwa, makabrasha yakatupwa. Mwenzangu aliyekuwa mhariri msaidizi aliniletea hizi chache alizoziokoa, zikiwa zimekunjwa katikati.

Hapo nikaacha kabisa stori za enzi zile, nikazungumzia pesa na haki, na mshereheshaji aliyekuwa ananionyesha saa nikamwangalia kwa jicho la babu akakaa.

Niliwaeleza kwamba jambo hili halikutupata sisi tu. Jack Kirby, mmoja wa waliowabuni mashujaa wa Marvel wanaojaza kumbi za sinema leo, alidai michoro yake halisi kwa miaka. Mwaka 1987 alirudishiwa kurasa takriban 2,000, kati ya zaidi ya 10,000 alizokuwa amewachorea. Na kabla yake, mwaka 1938, vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Walizeeka na shida zao. Ilibidi magazeti na wachoraji wenzao wapige kelele ndipo mwishoni mwa 1975 wenye kampuni iliyommiliki Superman walipokubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Hundi iliyobeba malipo yale ya mwanzo iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya hundi tu.

"Duh," alisema yule wa deraya la maboksi, na boksi la begani likamdondoka.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mchoro wako unalindwa tangu unapouchora, na ulinzi huo unakwenda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani wajukuu nao wamo. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mkigombana. Lakini sheria haiwezi kukurudishia ulichokiuza mwenyewe kwa saini yako, na hapo ndipo wengi wetu tulipoachia. Wachoraji wa rika langu tuliishi kwa vijitabu vya afya zaidi ya magazeti: UKIMWI, malaria, maji safi, uzazi wa mpango. Mashirika yalilipa vizuri na yalilipa kwa wakati. Mikataba yake ilikuwa na sentensi moja katikati, ndefu, ikisema haki zote, kila nchi, milele. Mchoraji anaangalia tarakimu chini, anasaini.

Kijana mmoja mwembamba, chalii wa Unga Limited kwa alivyojitambulisha, akanyoosha mkono. "Mzee wangu, na ukikataa si wanampa mwingine?"

Nikamwambia ndiyo, wanampa mwingine. Nisingekwenda pale kumdanganya. Na wala sikumwambia akatae hela, kwa sababu ada ya shule haingoji hakimiliki. Nilimwambia asome, ajue anauza nini, maana kuuza mchoro na kuuza mhusika ni bei mbili tofauti. Kama mhusika ulikuja naye kutoka nyumbani kwako, iandikwe kwamba ni wako na wao wamemwazima kwa kijitabu hicho. Kama ulimbuni kwa kazi yao, basi, mwachie, lakini omba michoro halisi irudi. Hilo la pili hawakatai, kwa sababu hawana kabati la kuiweka. Na jina lako liwepo, hata kwa herufi ndogo nyuma. Wengine walikuwa wanaandika kwenye simu. Wengine waliniangalia kama mtu aliyekuja harusini akaanza kuzungumzia talaka.

Baada ya hapo nikaenda mezani, na watu wakaja kweli.

Mambo madogo ya mezani niyapitie haraka. Wengi wakisikia mchoraji wanadhani unachora sura: "Mchore mtoto wangu, mzee." Ukikubali mmoja umeisha, foleni itakufia hapo. Chagua picha moja unayoweza kuichora hata ukiwa usingizini, uwachoree hiyo wote, kisha uandike jina. Muulize kila mtu jina linaandikwaje, hata kama ni Asha, maana siku hizi kuna Aysha na Aisha na wote watakuwa wakali. Kalamu ya kawaida haikamati kwenye jalada linaloteleza, beba maka pen. Bei iandikwe kwenye kadi, printi 5,000, mchoro 10,000, ili usiitamke kwa aibu. Sisi wazee tuna aibu ya kutaja bei, na mnunuzi akiiona aibu hiyo anaomba apunguziwe. Weka lipa namba, kwa sababu chenji hakuna. Watoto wadogo wachoree bure kwenye vipande vya karatasi, mama zao ndio watakaonunua.

Na waandaaji nao: nauli, chakula cha mchana na posho ya mgeni vijulikane kabla, kwa maandishi, siyo bahasha ya kusukumizwa mfukoni wakati wa kuagana. Vijana wangu walifanya vizuri kuliko mikutano mingi ya watu wazima niliyowahi kwenda.

Akaja mtu mzima, kofia kichwani, koti la jinzi. Akasimama anatazama printi ya konda wangu bila kuigusa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Huyu wa kwako?"

"Wangu."

"Mimi nilikuwa konda. Hapa hapa, enzi za vifodi. Sasa hivi nina Noah yangu." Akaegemea meza. "Mdomo umempatia. Hiki kiburi cha shingo pia. Ila huyu ni wa Dar."

Ni wa Dar kweli, ndiko nilikomchora. Nikamuuliza wa Arusha angekuwaje. Hakujibu kwa maneno. Alitoa noti mfukoni, akazikunja kwa urefu moja moja, akazipachika katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, ndogo mbele, zikasimama wima. Kisha akatia sarafu kwenye kiganja kile kile na kuanza kuzichekecha, na palepale watu wawili waliokuwa jirani wakaingiza mikono mifukoni bila kujijua, kama wanaodaiwa nauli. Tulicheka wote. Akanieleza kwamba noti kubwa haikai kidoleni hata siku moja, inaingia mfuko wa ndani papo hapo, kwa sababu abiria akiiona atajua una chenji ya kumrudishia. Akanionyesha kiwiko kinavyobanwa mlangoni gari likikata kona, ili mkono wenye hela ubaki ndani na mwili uwe nje. Kwa baridi ya Arusha asubuhi, alisema, noti zinakuwa ngumu na vidole vinakufa ganzi, ndiyo maana wengine walikata glovu ncha za vidole.

Nilimwomba ashikilie mkono hivyo hivyo nikauchora ukurasa mzima, mkono peke yake. Nilipomaliza nikamwonyesha kadi ya bei.

"Nilipie?" akasema. "Mkono si wangu?"

Nikampa. Lakini kwanza niliupiga picha, na glovu zilizokatwa ncha nitazitumia.

Katika miaka yote ya gazeti sikuwahi kumwona msomaji. Nilipeleka kurasa ofisini, gazeti likaenda vibandani, basi. Mhariri ndiye aliyekuwa anatuambia watu wanapenda nini, na nina mashaka mhariri alikuwa anatuambia anachopenda yeye. Mezani mtu anakwambia usoni kwamba sura ya tatu ilimchosha, au kwamba alikata picha ya konda akaibandika kwenye mlango wa chumba cha kupanga kule Kaloleni mpaka mwenye nyumba akaitoa. Mama mmoja alikasirika kabisa kwa sababu hadithi ilikatika konda akiwa mahabusu na gazeti likafa. "Alitoka?" akaniuliza. Nikamwambia alitoka. "Kwa dhamana au aliachiwa huru?" Sikuwa na jibu, na yeye hakuondoka mpaka tulipokubaliana kwamba ni dhamana, na aliyemdhamini ni shemeji yake.

Aliyenikalisha muda mrefu kuliko wote ni binti wa chuo, anatokea maeneo ya Tengeru. Alinisubiri mpaka foleni ikapungua. "Shikamoo babu," akaweka tableti mezani. Hadithi yake ilikuwa ya bibi mmoja wa Kimeru anayegoma kuuza shamba la kahawa, watoto wake wa mjini wanamshinikiza, na mjukuu yuko katikati. Mikono ya bibi ilichorwa na mtu aliyekaa na bibi. Kila kitu kilikuwa pale, isipokuwa viputo vyote vya maneno vilikuwa vimejaa Kiingereza.

"Bibi anaongea Kiingereza?"

"Hapana babu. Kimeru."

"Na mjukuu?"

"Naye anamjibu Kiswahili."

"Sasa hiki cha nani?"

Akacheka, akasema ndivyo alivyozoea kusoma katuni, na kwamba alijaribu Kiswahili kikagoma kuingia kwenye viputo. Hilo la pili ni kweli na linastahili kuzungumzwa, maana nimeona vijana wengi wakikimbia kwa sababu hiyo hiyo. Kiswahili kinajenga maneno marefu. Bibi wake alipaswa kusema *hawatanilazimisha*, herufi kumi na saba zilizoshikana. Kwenye kiputo chembamba kilichotengenezwa kwa maneno mafupi mafupi, neno hilo halitoshi upana. Ukilikata kwa kistari katikati, msomaji anajikwaa wakati bibi anapaswa kuunguruma. Ukipunguza ukubwa wa herufi, bibi ananong'ona.

Sisi tulifanya hivi: maneno kwanza, kiputo baadaye, picha mwisho. Unaandika maneno kwa penseli juu ya fremu, kile kisanduku cha picha moja, unaona yanahitaji nafasi gani, unayazungushia kiputo, ndipo unachora mtu kwenye nafasi iliyobaki. Anayeanza kusema anakaa kushoto na juu, ili macho yasihangaike. Na fremu zetu zilikuwa pana. Ukurasa wa fremu nane ni mzuri kwa lugha ya watu wengine. Kwa Kiswahili tano au sita zinapumua. Nikamwambia pia amvalishe bibi kanga inayosomeka. Kwenye karatasi kanga ni kiputo cha bure: bibi anakaa kimya mbele ya watoto wake, na maneno yaliyo kwenye kanga yanawajibu. Msomaji wetu hawezi kuiona kanga asiisome.

Tulijaribu ukurasa mmoja pale pale. Alitoa fremu mbili, akapanua zilizobaki, akaandika *Hawatanilazimisha* kwa herufi nene peke yake kwenye mstari, na bibi akaonekana amekua kimo ingawa mchoro haukuguswa. Yule wa deraya alikuwa ameshasogea anachungulia. Akasema, "Huyo bibi simchokozi."

Tatizo likaja pale tulipopiga hesabu. Hadithi ilikuwa na kurasa 24. Fremu zikipanuka na kupungua kwa kila ukurasa, kurasa zinaongezeka, na kwa makadirio yetu ingefika 30. Anataka kukichapa kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati, akakiuze tamasha lijalo. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha namna hiyo kinakwenda kwa nne nne: 28, au 32. Thelathini haipo. Hakuwa amewahi kuambiwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia yeyote pale, maana kwenye simu kurasa haziishi. Niliwaambia waandaaji mwakani waite na fundi wa mashine ya kuchapa, wamkalishe mezani kwangu, yeye atafaa kuliko mimi.

32 ni gharama zaidi, na yeye ni mwanafunzi. Ni 28. Kwa hiyo kurasa mbili lazima zitoke, na hapo ndipo tulipo mpaka sasa. Ananitumia picha WhatsApp, mimi namjibu kwa sauti kwa sababu vidole vyangu ni vya kalamu. Moja tumeshakubaliana: safari ya daladala kutoka mjini, nzuri lakini haina kazi. Ya pili ndiyo vita. Ametenga ukurasa mzima kwa ajili ya mgongo wa bibi, kanga tu, hakuna uso, hakuna kiputo. Namwambia huo ndio utoke, fremu moja inatosha. Yeye ananikumbusha kwamba wazo la kanga nilimpa mwenyewe. Jana amenitumia tena, amekaza mistari ya pindo, na amebadilisha msemo. Nimemwambia pindo limependeza, na ukurasa utoke.